Nilipoandika Wasifu wa Bibi wa Kanisa Letu

Wasifu wa marehemu unaosomwa katika ibada ya mazishi una mpangilio ambao karibu kila muumini anaujua hata kabla msomaji hajafungua kinywa: kuzaliwa, ubatizo, masomo, ndoa, watoto, kazi, ugonjwa, saa ya kufariki, na mwishowe aya ya shukrani kwa madaktari, wauguzi na wote walioshiriki kumuuguza. Siubezi mpangilio huo. Mtu aliyefiwa hana nguvu za kubuni jambo jipya, na njia iliyozoeleka humfikisha mwisho wa ukurasa bila kumchosha. Lakini nilipopewa jukumu la kuandika wasifu wa Bibi, aliyekuwa mzee kuliko waumini wote wa kanisa letu, nilijaza vipengele vyote hivyo kwa muda mfupi, nikasoma nilichokiandika, nikaona kwamba ukurasa ule ungeweza kuwa wa bibi yeyote.

Kazi hiyo iliniangukia kwa sababu mimi ndiye katibu wa baraza la kanisa na vitabu vya kumbukumbu viko mikononi mwangu. Vitabu vilinipa tarehe: siku alipopokelewa kuwa muumini, siku ya ndoa yake, ubatizo wa watoto wake, maziko ya mumewe. Baada ya hapo jina lake linatoweka kabisa. Hakuwahi kuwa mzee wa kanisa, hakuwahi kushika hazina, hakuimba kwaya, hakufundisha darasa la watoto. Kwa mtu anayemtafuta katika nyaraka, Bibi alikuwa muumini wa kawaida ambaye hakupewa wadhifa na hakufanya lolote la kuandikwa. Hata hivyo, tangu habari ya kifo chake ilipotoka, simu yangu haikutulia. Walipiga watu waliohama zamani, watu waliokosana na kanisa, hata wengine waliokwisha kujiunga na madhehebu mengine, na kila mmoja alizungumza kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa karibu naye kuliko wote.

Nilirudi kwenye mihtasari ya mikutano nikitafuta kitu kingine. Yeyote aliyewahi kukaa katika mkutano wa kanisa anajua kwamba ajenda ya mwisho ni “Mengineyo”, na kwamba kufikia hapo watu wamechoka na wengine wameshashika mikoba yao. Hapo ndipo Bibi alipokuwa akisimama. Hakuwa na hotuba. Alitaja jina la mtu, akauliza yuko wapi, akaketi. Mwenyekiti alijibu kwamba suala hilo litafuatiliwa, na katika muhtasari ikaandikwa kwamba mjumbe mmoja alikumbusha habari za wasioonekana ibadani. Sentensi hiyo, kwa maneno haya au yanayofanana nayo, inajirudia katika mihtasari ya miaka mingi, katika miandiko ya makatibu mbalimbali, daima bila jina. Tuliokuwapo tunajua kwamba mjumbe mmoja huyo alikuwa yeye, na sasa ninaamini kwamba sentensi ile iliyoandikwa kwa haraka ndiyo wasifu wake wa kweli kuliko tarehe zote nilizokuwa nimezipanga.

Alikaa benchi la pili kutoka nyuma, upande wa njia ya katikati. Wengi tulidhani amechagua mahali hapo kwa ajili ya miguu yake, ili asitembee mbali, na kwa miaka ya mwisho huenda hilo lilichangia. Binti yake ndiye aliyenieleza sababu yenyewe. Kutoka nyuma mtu huona visogo vyote. Watu wa kanisani, kama ijulikanavyo, hujichagulia mahali na kupafanya pao bila mtu yeyote kuwagawia. Familia hii hukaa chini ya dirisha, mjane yule hukaa karibu na nguzo, na mgeni anayekalia mahali pa mwenyewe huhisi macho mgongoni. Bibi aliujua mpango huo wote kwa kuutazama tu. Hakuhitaji orodha ili kujua nani hayupo, kwa kuwa pengo lilijionyesha lenyewe, na kufikia jioni ya Jumapili alikuwa ameshajua ni nani atakayemtafuta wiki hiyo.

Binti yake akaniambia jambo jingine ambalo hakuna aliyelijua nje ya nyumba yao. Bibi aliwaombea waumini kwa kufuata mabenchi. Kila asubuhi alichukua mabenchi machache, akaanza na lililo karibu na mlango na kuelekea mimbarini, na kwa kila benchi aliwataja waliolikalia, mmoja baada ya mwingine, kama walivyokaa, pamoja na jambo alilolijua kuhusu kila mmoja: mtihani, mimba, deni, mguu unaouma. Wiki ilipokwisha, kanisa zima lilikuwa limetajwa. Nilipolisikia hili nilielewa kwa mara ya kwanza ugomvi mmoja wa zamani, ambao sikuwa nimekusudia kuuweka kwenye wasifu.

Wakati fulani baraza liliamua kuondoa mabenchi na kuleta viti vya kuhamishika, ili ukumbi uweze kutumika kwa semina na shughuli nyingine. Uamuzi ulikuwa wa busara na bado ninauunga mkono. Bibi aliupinga kwa ukali usio wa kawaida yake, akarudia kuupinga katika mikutano iliyofuata, na kwa kuwa hakutoa sababu yoyote iliyoeleweka, vijana wakasema kwamba wazee hawapendi mabadiliko. Hakuwa anatetea mbao. Viti vilipofika, watu walianza kukaa popote, mistari ikasogezwa kila wiki, na utaratibu wake wa kumwombea kila mtu ukavurugika akiwa na umri ambao kujifunza utaratibu mpya si jambo dogo. Alikaa na kinyongo kwa muda, kisha, kwa maelezo ya binti yake, akaanza upya kwa kufuata nyumba badala ya viti, akizipanga kichwani kwa njia anazopitia kwenda kanisani. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini baraza letu lilikuwa na wazee wengi siku ile na hakuna aliyemuuliza Bibi swali ambalo lingefumbua jambo lote: viti hivi vinakukosesha nini?

Waliopiga simu walinisimulia namna alivyowatafuta, na kwa kuzisikia simulizi hizo zikifuatana niligundua kwamba alikuwa na mbinu, ingawa sidhani kama mwenyewe angeiita hivyo. Kwanza, hakuwahi kumuuliza mtu kwa nini hakuja ibadani. Swali hilo, hata likiulizwa kwa upole, humfanya aliyeulizwa atafute udhuru, na mtu akishatoa udhuru hupata njia rahisi ya kutorudi. Bibi aliuliza habari za nyumbani, akasikiliza jibu, akauliza swali la pili linalotokana na jibu lile, na Jumapili haikutajwa hata kidogo. Mtu aliyemaliza mazungumzo hayo alijua vizuri kwamba ameonekana kutokuwepo, lakini hakuwa na kosa la kujitetea.

Pili, na hili ndilo lililonifundisha zaidi, aliwatafuta watu kwa kuwaomba msaada. Kijana mmoja aliyeondoka kwa hasira baada ya kugombana na viongozi wa vijana alitumiwa ujumbe na mchungaji, akatembelewa na mzee wa kanisa, akaandikiwa barua, na vyote hivyo vikamkera kwa sababu kila mmoja alikuja akiwa na jambo la kumpa: ushauri, onyo, msamaha. Bibi alimpigia simu akamwambia kwamba taa ya jikoni kwake imeungua na yeye hawezi kupanda kiti. Kijana akaenda, akabadilisha taa, akaambiwa asante, akaondoka. Wiki iliyofuata kulikuwa na bawaba ya mlango. Baadaye kulikuwa na barua ya ofisi fulani iliyoandikwa kwa herufi ndogo mno ambayo mtu mwenye macho mazuri alitakiwa kumsomea. Haikupita muda mrefu, kijana yule akawa anampeleka kanisani kwa kumshika mkono, na kwa kuwa huwezi kumfikisha mtu hadi kwenye kiti chake kisha ukasimama nje, akaketi. Aliniambia haya huku akicheka, akaongeza kwamba anashuku bawaba ile ilikuwa nzima.

Kwa waliofiwa alikuwa na utaratibu tofauti. Siku za mwanzo, nyumba ya msiba ina watu wengi kuliko viti, na Bibi alikuja kama wengine, akasalimia, akaketi kwa muda mfupi, akaondoka. Alirudi baada ya wiki kadhaa, pale wengine wote walipokuwa wamemaliza wajibu wao na mfiwa amebaki na nyumba iliyotulia kupita kiasi. Alikaa zaidi safari hiyo. Mjane mmoja alinieleza kwamba Bibi alimuuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyethubutu kuliuliza: mumewe alikuwa akipenda kukaa wapi ndani ya nyumba? Akaonyeshwa kiti, akaomba ruhusa, akakikalia, na wakazungumza habari za marehemu, pamoja na udhaifu wake. Nimekuwa nikiutafakari ujasiri ule. Wengi wetu tukifika msibani huogopa kumtaja marehemu tusije tukamliza mfiwa, kana kwamba mfiwa alikuwa amesahau hadi sisi tulipomkumbusha.

Nikiwa katikati ya kazi hii nilifungua Injili ya Luka kwa ajili ya somo la ibada nyingine, nikakutana na Ana, binti Fanueli, katika sura ya 2. Nimeisoma sura hiyo kila mwaka wakati wa Krismasi bila kutambua kwamba mistari ile mitatu, wa 36 hadi wa 38, ni wasifu kamili. Luka anataja baba yake, kabila lake la Asheri, miaka saba aliyoishi na mumewe tangu ubikira wake, ujane wake, na ile 84 ya miaka yake. Hadi hapo ni mpangilio uleule wa kwetu. Kisha anaongeza mambo ambayo hayana tarehe: kwamba hakuondoka hekaluni, akifunga na kuomba usiku na mchana, na kwamba aliwaeleza habari za mtoto wote waliokuwa wakiutazamia ukombozi wa Yerusalemu. Simeoni, aliyetangulia kutajwa, maneno yake yameandikwa na yanaimbwa makanisani hadi leo. Maneno ya Ana hayakuandikwa hata moja. Luka aliona inatosha kusema mahali alipokuwa na watu aliozungumza nao, na kwa njia hiyo akanionyesha cha kufanya na Bibi, ambaye naye hakuacha maneno yanayoweza kunukuliwa. Sala zake za hadharani zilikuwa fupi kiasi kwamba watu walichelewa kuitikia.

Halafu kuna Dorkasi wa Yafa, katika Matendo ya Mitume sura ya 9. Petro alipofika kwenye chumba alicholazwa, wajane hawakumsomea historia ya marehemu, bali walisimama karibu naye wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Ushahidi ulikuwa miilini mwao. Niliamua basi kwamba baada ya nusu ukurasa wa tarehe, wasifu wa Bibi utakuwa na nguo: taa ya jikoni, kiti cha marehemu, ajenda ya mengineyo, mabenchi. Kila jambo lingesimuliwa kwa ufupi, na wahusika wangetajwa kwa ruhusa yao tu.

Familia ilikubali kwa moyo mmoja hadi tulipofika kwenye kasoro zake. Niliandika, kwa mfano, kwamba Bibi hakuvumilia mahubiri marefu na alitazama saa yake waziwazi, akiinua mkono hadi karibu na uso kwa sababu macho yalikuwa yamefifia, hivi kwamba mhubiri aliyesimama mimbarini hakuweza kujifanya hajaona. Niliandika pia habari za viti, na habari za ubishi wake na kiongozi wa kwaya kuhusu mwendo wa nyimbo, ambao aliuona wa haraka mno kwa watu wanaotaka kuyaelewa maneno wanayoyaimba. Mwanawe mkubwa alitaka hayo yafutwe. Alisema, na nilimwelewa, kwamba siku ya kumzika mama si siku ya kumchekesha mtu. Aliyenitetea ni kiongozi wa kwaya mwenyewe. Alisema kwamba akisomewa wasifu wa Bibi usio na ubishi ule atadhani anazikwa mtu mwingine, na kwamba baada ya kila ugomvi wao Bibi alimpigia simu Jumatatu kumuuliza hali ya mwanawe aliyekuwa na pumu. Tukaafikiana: ubishi wa nyimbo ubaki, saa ibaki, na neno “kinyongo” liondolewe. Hapa ninaliandika kwa sababu ndilo neno la kweli, na kwa sababu mtu aliyewahi kuwa na kinyongo kisha akaendelea kuwaombea waliomkosesha raha ana la kutufundisha kuliko mtu ambaye hakuwahi kukasirika.

Miaka ya mwisho ya Bibi inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana hapo ndipo makanisa mengi huwapoteza wazee wao wakiwa bado hai. Yalianza masikio. Wataalamu wanaeleza kwamba usikivu unaopungua kwa uzee huanzia kwenye sauti nyembamba, zile zinazobeba konsonanti kama s, f na sh, wakati sauti nzito za irabu zinaendelea kusikika. Ndiyo maana mzee husema kwamba anasikia mtu akizungumza lakini haelewi kinachosemwa, na ndiyo maana kumpigia kelele hakumsaidii sana: kelele hukuza kile ambacho tayari anakisikia na kuupotosha mdomo anaojaribu kuusoma. Kinachosaidia ni kumkabili, mwanga ukiwa usoni pa msemaji, kuzungumza taratibu kwa sauti ya kawaida, na kunyamazisha kelele nyingine zilizopo chumbani. Mambo haya ni madogo na hayahitaji fedha. Nimeona watu wazuri kabisa wakimsalimia Bibi huku wakiangalia pembeni, kisha wakishangaa kwamba amejibu jambo jingine, na hatimaye wakiacha kumsalimia kwa kudhani kwamba akili imeanza kuchoka. Akili yake haikuchoka.

Kisha ikawa miguu, na hatimaye hakuweza kutoka. Tunao utaratibu wa kumpelekea Meza ya Bwana mtu aliye nyumbani, na utaratibu huo ni wa kale mno. Justin Mfiadini, aliyeandika katikati ya karne ya 2, anaeleza kwamba baada ya ibada ya Jumapili mashemasi waliwapelekea wasiokuwepo sehemu yao. Naupenda ukale huo, kwa kuwa unaonyesha kwamba tangu mwanzo kanisa liliwahesabu wasiohudhuria kuwa sehemu ya ibada ileile. Ila Bibi aliwahi kulalamika, si kwamba anasahauliwa, bali kwamba wanaomjia wanakuja kumhudumia tu. Wanasoma, wanaomba, wanampa, wanaondoka, na hakuna anayemletea habari. Alitaka kujua nani hakuwepo. Alitaka kuendelea na kazi yake, na sisi tulikuwa tumeshamhesabu miongoni mwa wanaofanyiwa kazi. Katika Zaburi ya 71 mzee anaomba asitupwe wakati nguvu zake zinapopungua, lakini ukiendelea kuisoma hadi mstari wa 18 unaona sababu anayoitoa: bado ana jambo la kukitangazia kizazi kijacho.

Suluhisho halikutoka kwenye baraza. Msichana mmoja wa jirani yake, aliyekuwa bado shuleni, alianza kupita kwake Jumapili mchana akitoka kanisani. Bibi alimuuliza maswali kwa kufuata utaratibu wake, nyumba kwa nyumba, na msichana akawa anajibu kadiri alivyokumbuka; wiki iliyofuata alikumbuka zaidi kwa kuwa alijua ataulizwa. Simu nazo wakawa wanapiga pamoja. Bibi alizungumza, aliyepigiwa akajibu, na msichana, akiwa na simu sikioni, akamrudia Bibi majibu kwa kumtazama usoni, taratibu, ili ayasome midomoni. Fikiria mwenyewe jinsi mazungumzo hayo yalivyokuwa marefu. Mzee mmoja wa kanisa alinieleza kwamba alipopigiwa simu ya namna hiyo alidhani mwanzoni kwamba ni mchezo wa mtoto, hadi alipoulizwa habari za jino ambalo alikuwa amemweleza mke wake peke yake.

Bibi alipofariki, salamu tulizozisikia zaidi zilikuwa kwamba amekula chumvi nyingi, ameshiba siku, tumshukuru Mungu. Maneno hayo ni ya kweli na Maandiko yenyewe yanayatumia kwa Ibrahimu na kwa Ayubu. Hata hivyo nilimwona binti yake akiyapokea kwa kutikisa kichwa, mara baada ya mara, na baadaye aliniambia kwamba yalimfanya aone aibu kulia. Wingi wa miaka haupunguzi pengo. Mtu uliyemzoea kwa miaka mingi ana nafasi nyingi zaidi za kukosekana, katika sauti za nyumba, katika siku za wiki, katika mambo ambayo ni yeye pekee aliyeyakumbuka kuhusu utoto wako. Tangu hapo mimi nikienda kwenye msiba wa mzee husema pole kama ninavyosema kwenye msiba wa kijana, na hesabu ya umri namwachia mwenye msiba aitaje akipenda.

Wasifu ulisomwa. Ulikuwa mrefu kidogo kuliko desturi ya ibada zetu, na mchungaji alifupisha mahubiri yake kwa hiari, jambo ambalo liliwafanya wengi watabasamu kwa kuwa walikuwa wametoka kusikia habari za saa. Baraza baadaye liliunda kamati ya kuwatembelea watu, yenye fomu ya kujaza na safu ya idadi ya waliotembelewa kila mwezi. Sina hakika nayo. Fomu humwuliza mjumbe ametembelea wangapi, lakini haimwulizi kama aliyetembelewa aliombwa jambo lolote. Nimependekeza safu hiyo iongezwe, na pendekezo langu lipo kwenye foleni ya mambo ya kufuatiliwa.

Kuna mtu mmoja aliyenijia baada ya maziko, akiwa ameshika nakala ya wasifu. Kwa miaka mingi amekuwa mhudumu wa mlangoni. Ndiye anayewapokea wageni, kusimamia mashine ya umeme, kufunga madirisha mvua ikija. Aliniambia, bila hasira, kwamba yote niliyoyaandika ni kweli, lakini yeye aliugua kwa miezi kadhaa na Bibi hakumpigia simu wala kumtafuta, na kwamba kila mtu alipokuwa akilia kwa namna alivyokumbukwa yeye alikaa akijiuliza amekosa nini. Tulizungumza kwa muda mrefu. Nilimweleza habari za mabenchi, na nilipofika kwenye habari ya kila mtu kutajwa mahali anapokaa alininyamazisha kwa mkono, kwa sababu alikuwa amelielewa kabla sijalimaliza. Mhudumu wa mlangoni hakai. Hakuwa na benchi, basi hakuwa na pengo. Na utaratibu ulipobadilika ukafuata nyumba zilizo njiani, nyumba yake haikuwa njiani.

Aliomba jambo hilo liandikwe pia. Niliwauliza watoto wa Bibi, nikidhani watakataa, na mwanawe mkubwa, yuleyule aliyetaka kufuta habari za saa, akasema mama yake angelitaja mwenyewe kama angelijua, na kwamba mtu huyo apewe namba yake ya simu. Nakala inayohifadhiwa ofisini sasa ina aya hiyo, mara baada ya habari za viti. Chini yake msichana yule wa jirani ameniomba niambatishe orodha aliyoiandaa, ya wote ambao Jumapili huwa hawana mahali pa kuketi: wahudumu wa milangoni, wapiga ala, wanaowatunza watoto wadogo nje wakati wa ibada, walinzi, na mke wa mchungaji, ambaye hukaa kila wiki mahali tofauti.